Mtunza damu wa Tunduma asiyeficha wivu wake

Saa moja na nusu asubuhi. Malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia yamejipanga barabarani hadi yanapotelea kwenye vumbi, na ndani ya maabara ya hospitali moja mjini Tunduma, Mbuke Jilala ameinamia kichupa chembamba cha kioo ambacho wenyewe maabara wanakiita tyubu. Amekishika kwa mkono wa kushoto. Anakilaza polepole, anakisimamisha, anakilaza tena, macho hayabanduki kwenye kitone chekundu kilichokaa chini.

Kitone kinaachia, kinatawanyika laini bila chenga yoyote. Mbuke anapumua. "Hii inakwenda," anamwambia muuguzi anayesubiri mlangoni, na chupa ya damu inatoka kuelekea wodi ya wazazi.

Anavua glavu na kunawa mikono, na hapo ndipo simu yake inapolia mlio wa ujumbe. Ni picha. Msichana mwembamba amevaa koti jeupe lililomkaa vizuri, amesimama mbele ya darubini, anatabasamu.

"Ameanza tena," Mbuke anasema. "Kila Jumatatu lazima anionyeshe kwamba anasoma."

Anaivuta picha kwa vidole viwili, anaikuza. Haangalii uso wa mtu, anaangalia darubini. "Mpya kabisa," anasema kwa uchungu, kisha anaitupa simu kwenye droo na kuifunga.

Msichana wa kwenye picha ni Goodness Nzunda, aliyekuwa mkuu wake kwenye meza ya damu na ambaye sasa yuko Mbeya akisomea stashahada ya maabara. Watu wengi wakiulizwa kuhusu wivu hukana hadi jasho linawatoka. Mbuke, mwenye umri wa miaka ishirini na tisa, hakani.

"Ninao. Andika tu," anasema. "Ninao tangu siku ya kwanza alipoingia kwenye mlango huu, na leo asubuhi umeuona mwenyewe. Ila ukiandika wivu, andika na kazi. Vyote viwili nimevipata kwa mtu mmoja."

Kazi yenyewe ni hii. Mgonjwa anapohitaji damu, Mbuke huchukua maji ya damu ya mgonjwa na kuyachanganya na chembe chache kutoka kwenye chupa iliyochangiwa. Mchanganyiko hukaa kwenye maji ya uvuguvugu kwa muda uliopangwa, kisha huzungushwa kwenye mashine hadi chembe zishuke chini. Zikiachia laini, damu hizo zinapatana. Zikishikana vinundu, hazipatani, na mgonjwa akipewa anaweza kufa akiwa kitandani, mbele ya ndugu zake waliodhani ameshapona.

Tatizo ni vile vinundu vidogo. Vinundu vikubwa hata mpita njia angeviona. Vidogo vinataka mkono mtulivu, kwa sababu ukiitikisa tyubu kwa nguvu vinavunjika, na kinachobaki kinaonekana laini kama vile hakukuwa na kitu.

Ndiyo maana katika hospitali hii mfanyakazi mpya wa meza ya damu haachwi peke yake. Kila anachosoma kinasomwa tena na mwenzake, hadi mkuu wa meza atakapoandika kwamba anaweza. Wenyewe wanaita kushika meza. Aliyeshika meza anakaa zamu peke yake, anaamua peke yake, na daktari akipiga simu anajibiwa na yeye.

Mbuke alitaka kushika meza kuliko alivyotaka kitu kingine chochote.

Alizaliwa Kamsamba, bondeni, kwenye joto na mpunga, katika familia ya Kisukuma iliyohamia huko na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Ni mtoto wa saba. Kaka zake walichunga, dada zake waliolewa mapema, na yeye alipofaulu kidato cha nne baba yake, mzee Jilala, aliuza madume ya ng'ombe ili akasomee cheti cha maabara.

"Majirani walimcheka baba," anakumbuka. "Walisema anauza ng'ombe kumnunulia binti koti. Kwa hiyo mimi nilikuja hapa na deni la heshima. Sikuja kusindikiza."

Mwaka wake wa kwanza hospitalini alipima malaria na mkojo, akatoa wagonjwa damu, akasafisha vyombo. Baadaye alihamishiwa meza ya damu, akiwa mwanafunzi pekee wa meza hiyo. Manesi walianza kumwita "mtu wa damu". Kwa mshahara usiofika laki sita na chumba kimoja cha kupanga mtaa wa Majengo, jina hilo lilimtosha kabisa.

Kisha akaja Goodness.

Alitoka upande wa Nanyala, wilayani Mbozi, kwenye familia ya wakulima wa kahawa. Alikuwa mdogo kwa Mbuke kwa miaka mitatu. Cheti chao kilikuwa kimoja, ila Goodness alikuwa amepita mafunzo mafupi ya damu, na haikupita miezi mingi akafanywa mkuu wa meza. Mbuke akawa wa kusomewa tyubu zake na mtu anayemwita dada.

"Kila kitu chake kiliniuma," anasema, na hapa anahesabu kwa vidole bila aibu. "Koti lake lilishonwa na fundi Vwawa, limembana kiunoni vizuri. Mimi langu la hospitali, ningeweza kuingia na mtu mwingine. Mwandiko wake, kama umechapwa. Hata kikombe chake cha chai kilikuwa na mfuniko! Nani anakuja kazini na kikombe chenye mfuniko?"

Lakini kilichomuuma zaidi ni simu ya mezani. Wodini wakipiga, Mbuke akipokea, upande wa pili hawakuuliza damu. Waliuliza, "Goodness yupo?" Akisema hayupo, walijibu, "Basi, tutapiga baadaye," wakakata.

"Nilikuwa nimekaa pale pale mbele ya friji la damu," anasema. "Na damu naijua. Lakini mimi nikawa mtu wa kupokea simu za Goodness."

Siku moja Goodness alisimama nyuma yake akimtazama anavyosoma tyubu, kisha akamuuliza kwa sauti ya upole, "Dada Mbuke, nyumbani kwenu huwa mnasuka maziwa?"

Mbuke aliweka tyubu chini. Hapa mjini Msukuma hakosi kutaniwa: wa ng'ombe, wa porini, wa maziwa mgando. Alizoea kutaniwa sokoni, lakini kutaniwa kazini, mbele ya manesi, na mtu anayekunywa chai kwenye kikombe chenye mfuniko, hilo hakulikubali.

"Nikamwambia, 'Kwetu tunasuka maziwa, kwenu mnachuma kahawa, na hapa tunapima damu. Kuna swali lingine?' Tangu siku hiyo tukawa tunasalimiana kwa habari za kazi tu."

Ulipofika mwezi wa kupimwa, kila damu aliyoisoma Mbuke ilisomwa tena na Goodness. Alikwenda vizuri kwa muda mrefu, na alikuwa ameshaanza kujiona ameshika meza. Kisha akaletwa mama mmoja aitwaye Shani, mkazi wa Ivuna, mwenye watoto sita, aliyewahi kuongezewa damu mara kadhaa katika uzazi wake. Mtu wa namna hiyo mwili wake umeshakutana na damu nyingi za watu, na huwa na vinundu vidogo vidogo vya kujificha.

Mbuke alisoma, akaona laini, akasema inapatana. Goodness akarudia upya tangu mwanzo. Akalaza tyubu yake mara moja, mara mbili, akaguna.

"Kuna chenga," alisema.

"Umeweka nini humo?" Mbuke alimuuliza, na anakiri kwamba aliuliza kwa sauti ya kutaka ugomvi.

Aliitwa mkuu wa maabara, Bwana Yesaya Haonga, asome wa tatu. Alisoma na kukubaliana na Goodness. Ikatafutwa chupa nyingine, ikapatana, na Shani aliongezewa damu hiyo, akapona, akarudi kwa wanawe. Yeye mwenyewe hajui hadi leo kwamba kulikuwa na ubishi juu yake.

Mwisho wa mwezi Goodness alijaza tathmini. Mahali pa kuandika kama Mbuke anaweza kushika meza, aliandika neno moja: Bado.

"Nililisoma nikaona giza," Mbuke anasema. "Nikasema, huyu binti ameogopa kiti chake. Akiniruhusu mimi, yeye atakuwa na umuhimu gani?"

Hakuishia kulisema moyoni. Alilisema kwa manesi, akalisema kwa wafagizi, akalisema kwa mama anayeuza chai na vitumbua nje ya geti, hadi watu wa duka la dawa waliokuwa wakija kunywa chai wakawa wanamjua Goodness kama mtu mwenye roho mbaya bila kuwahi kumwona. Mbuke akikasirika hana kona, na sauti anayo.

Hatimaye uvumi ulimfikia Bwana Haonga. Ni mtu wa maneno machache, mwenye nywele zilizoanza kuwa na mvi pembeni, na mwandishi alipozungumza naye alisema alivumilia kwa muda kwa sababu hakuwa na ruhusa ya Goodness kusema alichokuwa anakijua. Uvumilivu ukamwishia siku alipomkuta Mbuke mwenyewe akihubiri pale kwenye chai.

"Nilimwita pembeni," anasimulia. "Nikamwambia, 'Mbuke, unajua kwamba Goodness alipata nafasi ya chuo Mbeya? Na unajua kwa nini hakwenda?'"

Mbuke hakujua. Hospitali ilikuwa imekubali kumruhusu Goodness akasome kwa sharti moja, kwamba awepo mtu wa kushika meza ya damu nyuma yake. Mtu aliyekuwepo ni Mbuke peke yake. Goodness angeandika kwamba anaweza, angefunga mizigo yake wiki ile ile. Kwa neno moja alilomwandikia mwenzake, alijifungia mlango mwenyewe, na chuo kilifunguliwa bila yeye.

Mtu angetegemea hapo Mbuke aangue kilio na kukimbia kuomba radhi. Hakufanya hivyo.

"Nilikasirika zaidi," anasema, na anacheka kwa mara ya kwanza asubuhi hii. "Kweli kabisa. Mwanzoni nilikuwa namwonea wivu wa koti na simu. Hivyo ni vitu, unaweza kujishonea koti. Sasa nikaanza kumwonea wivu roho yake. Nilijiuliza, ningekuwa mimi, ningeandika Bado? Nikajijibu, ningeandika Anaweza, niondoke zangu. Hapo ndipo nilipoumia. Mtu ananizidi mpaka huko ndani!"

Goodness, aliyezungumza na mwandishi kwa simu akiwa Mbeya, hataki kufanywa malaika.

"Nililia siku ile," anasema. "Nilikuwa nimeshawaambia nyumbani, mama ameshanunua sanduku. Na nilijua dada Mbuke hanipendi, ukikaa naye chumba kimoja huwezi kutojua. Lakini ningekwenda chuoni, kila simu ikiita ningedhani ni mtu amepewa damu mbaya. Ningesomaje hivyo?"

Kwa nini hakumwambia mapema?

"Ningemwambia angeona kama namdai. Halafu angenishukuru, na mimi sikutaka anishukuru. Nilitaka abadilishe mkono."

Mkono huo Mbuke aliutambua mwenyewe, tena si hospitalini. Alipokwenda likizo Kamsamba alimkuta mama yake uani amepakata kibuyu, anasuka maziwa kupata samli ya kuuza. Mama alikuwa amechoka, akamkabidhi. Mbuke aliikamata shingo ya kibuyu kwa mkono wa kulia na kushikilia kitako kwa mkono wa kushoto, akaanza kama alivyofanya tangu akiwa na miaka saba hadi alipoondoka kwenda kusoma. Mtikiso mmoja mkali kwenda, mmoja kurudi, kifundo cha mkono kikikata ghafla mwishoni ili siagi iachane na maziwa.

"Mama akaniambia, 'Mwanangu, huo mkono haujasahau.' Alikuwa ananisifu. Mimi nikasimamisha kibuyu. Nikautazama mkono wangu. Nikaona kabisa, ndivyo ninavyoshika tyubu! Ule mkato wa mwisho, ule ule. Nilikuwa nawasukia wagonjwa damu zao."

Kumbe swali la Goodness halikuwa tusi. Goodness alikuwa amewahi kufuatana na mjomba wake bondeni kununua mpunga, akawaona kina mama wa Kisukuma wakisuka maziwa, na alipouona mkono wa Mbuke aliukumbuka. Alikuwa anauliza kama mtu anayetafuta chanzo cha ugonjwa. Mbuke alimjibu kama mtu aliyetukanwa.

Aliporudi Tunduma bado hakuomba radhi. Alichofanya ni kuhamisha kiti chake. Akakitoa pembeni ya Goodness na kukiweka mkabala naye, ili kila Goodness anaposoma tyubu awe anauona mkono wake kutoka mbele.

"Nilimtazama kwa chuki," anasema. "Sikukosa hata siku moja. Unajua mtu unayemwonea wivu unamtazama vizuri kuliko mchumba. Nilijua anavyoweka kidole gumba. Nilijua anavyobana pumzi tyubu inapoanza kulala. Nilijua anapokuwa na mafua na anapokuwa amegombana na mtu. Nilimsoma mpaka nikammaliza."

Goodness aliona kiti kimehama. Kuanzia hapo, Mbuke anasema, alianza kufanya kazi taratibu zaidi na kuinua tyubu juu kidogo kuliko inavyohitajika.

Mkono wa kulia ulikataa kubadilika. Kila alipoharakishwa ulirudi kwenye kibuyu. Ndipo alipopata wazo la kuuacha kabisa. Mkono wa kushoto haukuwahi kusuka maziwa. Kazi yake nyumbani ilikuwa kushikilia tu, kutulia na kuhisi uzito. Akaanza kuufundisha kwa tyubu zilizojazwa maji, kisha maji yenye unga kidogo, kisha damu zilizokwisha muda wake. Leo Mbuke anaandika, anakula na kusalimia kwa mkono wa kulia, lakini hakuna damu inayotoka kwenye friji hili bila kupita kwenye mkono wake wa kushoto.

"Nilipomweleza mama alishtuka," anasema. "Akaniuliza, 'Watu wazima wenye heshima zao unawapimia kwa kushoto?' Nikamwambia, mama, wenyewe wamelala, hawaoni."

Baada ya karibu mwaka alipimwa tena. Goodness alichanganya kwenye kazi za kawaida tyubu kadhaa za mtego, zenye vinundu vya kuotea. Mbuke alizikamata zote. Ipo moja ambayo Goodness mwenyewe aliisema laini, Mbuke akamwambia arudie, na aliporudia akaona chenga mbili zimekaa pembeni ya kioo. Walitazamana, na kwa mara ya kwanza wakacheka pamoja.

Goodness aliandika: Anaweza.

Siku ya kuondoka alimkabidhi Mbuke ufunguo wa friji la damu. Hawakukumbatiana. Mbuke alimwambia, "Nenda, ila usirudi na maringo," na Goodness akamjibu, "Nitarudi nayo, dada, jiandae." Basi la Mbeya lilipotoka Mbuke aliingia maabara, akafunga mlango, na hapo, anasema, alilia kama mtoto aliyeachwa sokoni.

"Sikulia kwa kumpenda sana, usinielewe vibaya," anaongeza haraka. "Nililia kwa sababu yeye anakwenda na mimi nabaki. Halafu nikaogopa. Sasa nikikosea, nani atarudia?"

Jibu alilipata haraka kuliko alivyotaka. Zamu yake ya kwanza peke yake, mchana wa jua kali, aliletwa mwanamke kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliyejifungua na kutokwa damu nyingi. Mume wake, mfanyabiashara wa nguo aitwaye Clever, alikuwa anazunguka nje ya maabara akiongea Kibemba peke yake.

Chupa ya kwanza Mbuke aliilaza polepole kwa mkono wa kushoto. Ikaonekana laini, isipokuwa punje moja iliyochelewa kuachia. Akarudia. Punje zikawa tatu.

Simu ikaita. Daktari wa zamu alitaka damu.

"Hii haipatani," Mbuke alimwambia. "Naandaa nyingine."

"Mama anaisha huku. Una uhakika? Goodness angesemaje?"

Mbuke anasema aliuhisi wivu wote wa miaka miwili ukimrudia, na safari hii ulimsaidia.

"Nikamwambia, 'Daktari, Goodness yuko Mbeya. Hapa nipo mimi, na nasema haipatani.' Nikakata simu mimi. Nikaenda kwenye friji kutoa chupa nyingine."

Chupa ya pili ilipatana. Mwanamke aliongezewa, na siku chache baadaye alivuka mpaka na mtoto wake mgongoni. Clever alipita maabara kuaga. Alimshika Mbuke mikono yote miwili akasema, "Natotela, bamayo," akimaanisha asante, mama. Daktari naye aliacha kuuliza Goodness angesemaje. Siku hizi akipiga simu anauliza damu.

Lakini wivu haujaisha, na asiyeamini akae na Mbuke siku ya Jumatatu picha zinapoingia. Yeye pia ameomba stashahada. Mwaka huu alipata nafasi, chuo kile kile. Hospitali ilimpa jibu lile lile ililompa Goodness: aende, mradi awepo wa kushika meza.

Mtu mwenyewe yupo. Ni Ruti Silwimba, msichana mchangamfu aliyeajiriwa mwaka jana, mwenye mkono mzuri kuliko aliokuwa nao Mbuke alipoanza. Manesi wanampenda. Kasoro yake ni haraka. Tyubu zinapokaa kwenye maji ya uvuguvugu hawezi kusubiri, anazitoa kabla ya wakati, na vinundu vya polepole vinakuwa havijapata nafasi ya kushikana. Ameambiwa, anaitikia vizuri, kisha anafanya vile vile.

Ruti alipimwa mwezi uliopita. Aliyejaza tathmini ni mkuu wa meza, yaani Mbuke. Ijumaa iliyopita ilikuwa siku ya mwisho ya kuthibitisha nafasi ya chuo.

"Bwana Haonga alikuja akasimama pale mlangoni," Mbuke anasema. "Hakuniambia kitu. Alijua ninachokijua. Nilishika kalamu muda mrefu. Nikafikiria darubini ile mpya. Nikafikiria baba na madume yake. Nikasema Ruti atajirekebisha tu, watu hujirekebisha wakiachwa peke yao. Nikajidanganya vizuri sana, karibu nijikubalie."

Anasimama kuchungulia kipimajoto cha friji, anarudi kuketi.

"Nikaandika Bado."

Sasa mpango wake ni kuomba tena mwakani. Wakati huo Goodness atakuwa karibu kumaliza, na Mbuke ameshapiga hesabu hiyo na haimfurahishi hata kidogo. "Nitakuwa naingia geti moja na yeye anatokea jingine," anasema. "Atakuwa amenitangulia tena, na atapiga picha."

Mlango unafunguliwa. Ruti anaingia, anamsalimia mwandishi kwa bashasha, anapita mbele ya Mbuke bila kumtazama na kwenda kuvaa koti lake kwenye kona. Kisha anavuta kiti, anakizungusha, na kukaa mkabala na meza, mikono ameikunja kifuani, macho kwenye mkono wa kushoto wa mkubwa wake.

Neno Bado ameshalisoma, lakini hajui Mbuke alipoteza nini Ijumaa. Bwana Haonga amekatazwa na Mbuke kumwambia.

Mbuke anachukua tyubu nyingine na kuitumbukiza kwenye maji ya uvuguvugu. Anaegemea kiti, anasubiri, na anaendelea kusubiri hata pale Ruti anapoanza kugongesha mguu sakafuni.

"Amenuna," anamnong'oneza mwandishi. "Mwache anune. Mimi mwenyewe kazi hii nilijifunza nimenuna."